Roboti Imefika, Fundi wa Kesho Atajifunzia Wapi?

Mwenyekiti wa mkutano, viongozi wa vyama vya wafanyakazi, maofisa rasilimali watu, mameneja wa uzalishaji, na ninyi mafundi mliokaa viti vya nyuma kama kawaida yenu: habari za asubuhi.

Nimeombwa nizungumzie namna ya kulea na kutunza vipaji katika viwanda vya magari wakati huu ambapo roboti zinazidi kuongezeka. Najua wengi mmekuja na swali moja: roboti zitachukua kazi zetu au hazitachukua? Nijibu upesi ili tusonge mbele. Zitachukua baadhi, zimeshachukua nyingi, na hazikuanza jana. Roboti ya kwanza ya kiwandani, Unimate, iliwekwa kwenye kiwanda cha General Motors huko New Jersey mwaka 1961, ikapewa kazi ya kutoa vyuma vya moto kwenye kalibu, kazi iliyokuwa ikiunguza watu na ambayo wachache wangeililia. Mwaka 2023 roboti za viwandani duniani zilikuwa zimepita milioni 4, na huko Korea Kusini zilifika zaidi ya 1,000 kwa kila wafanyakazi 10,000 wa viwandani. Hilo halirudi nyuma.

Mimi nina swali jingine, na ndilo lililonileta. Roboti ikichukua kazi, huondoka pia na kitu ambacho mhasibu hana safu ya kukiandika: mahali pa kujifunzia.

Chukueni kazi ya kuchomelea bodi. Bodi ya gari la kawaida hushikiliwa na maelfu ya nukta za kuchomelea, mara nyingi kati ya 3,000 na 5,000. Zamani nukta hizo zilipigwa na mtu aliyeshika bunduki nzito ya kuchomelea iliyoning'inizwa juu kwa waya, akiibana kwenye mabati, akiachia, akihamia nukta inayofuata, zamu nzima. Ilikuwa kazi ya kuvunja mabega na simtakii mtu yeyote airudie. Lakini aliyeifanya miaka kadhaa alikuwa anasoma cheche. Zikiruka kupita kiasi alijua mabati hayajakaa sawasawa, au umeme umezidi, au ncha za shaba zimelika. Hakufundishwa darasani. Aliungua mikono, akakaripiwa na msimamizi, akajua.

Roboti zilipoingia, ni yeye aliyekuwa akiitwa: mzee, njoo uone, nukta hazishiki. Anasimama nje ya uzio, anatazama mara mbili tatu, anasema rekebisheni ncha, au hilo bati limetoka kwenye mashine ya kukandamiza likiwa limepinda. Meneja anaandika kwenye ripoti kwamba roboti imerekebishwa. Kilichorekebisha roboti hakikuandikwa.

Sasa mzee anastaafu. Anayemrithi ni kijana mwenye diploma, anaandika programu za roboti, anasoma orodha ya hitilafu kwenye skrini, na ni hodari kweli; msinielewe vibaya. Ila skrini inamwambia kwamba nukta fulani imeshindwa. Kwa nini imeshindwa, hapo yuko peke yake, na hakuna pembe yoyote ya kiwanda alipowahi kushika ile bunduki. Ngazi ya ufundi tumeikata vipago vya chini, halafu tunashangaa hakuna anayefika juu.

Ndiyo maana nasema kazi yenu, maofisa rasilimali watu, imebadilika. Zamani swali lilikuwa ni watu wangapi. Henry Ford alilijua swali hilo vizuri. Mwaka 1913, laini ya kuunganisha magari ilipoanza kutembea kwenye kiwanda chake cha Highland Park, muda wa kuunganisha chasi ulishuka kutoka zaidi ya saa 12 hadi kama saa moja na nusu. Na wafanyakazi wakakimbia. Mwaka huo ilibidi aajiri zaidi ya watu 50,000 ili abaki na nguvu kazi ya watu wapatao 14,000. Januari 1914 akatangaza dola 5 kwa siku, zaidi ya mara mbili ya walichokuwa wakipata wengi, na saa za kazi zikapunguzwa kutoka 9 hadi 8. Watu walipanga foleni getini kwenye baridi. Wengi husimulia kisa hiki kama cha ukarimu. Mimi nakiona ni hesabu ya mtu aliyegundua kwamba mashine yake mpya, bila watu wanaokaa, ni chuma tu.

Kazi ya laini ile ilikuwa ya kujifunza kwa siku chache. Mtu akiondoka leo, kesho unapata mwingine. Fundi wa roboti hapatikani kesho. Lazima ajue umeme, hewa na mafuta yenye mgandamizo, sensa, kamera, programu za kompyuta inayoendesha mashine, na juu ya yote ajue gari lenyewe linaundwaje. Ujerumani waliona hili mapema, wakaanzisha mwaka 1998 fani rasmi ya uanagenzi inayounganisha umakanika, umeme na kompyuta: mekatroniki. Ni miaka mitatu na nusu, sehemu shuleni na sehemu kiwandani. Ukianza leo kumtafuta mtu huyo kwa tangazo la kazi, unamtafuta yule yule anayetafutwa na kiwanda cha betri, ghala la kampuni ya usafirishaji na kiwanda cha vinywaji. Wote wana roboti.

Nataka nikae kidogo kwenye miaka ya 1980, maana jaribio lilifanyika pale bila mtu kulipanga, na matokeo yake yangetosha kutufundisha.

General Motors (GM) waliamua kuwashinda Wajapani kwa mashine. Walimwaga mabilioni ya dola. Kiwanda chao kipya cha Detroit-Hamtramck kilifunguliwa mwaka 1985 kikiwa kimejaa roboti, na visa vyake vilisambaa: roboti za rangi zikipakana rangi zenyewe kwa zenyewe, nyingine zikivunja vioo, laini ikisimama saa nzima watu wakisubiri mtaalamu wa programu. Mnacheka. Waliokuwepo hawakucheka. Mashine zilifika kabla ya watu wa kuzijua.

Wakati huo huo, Fremont, California, kulikuwa na kiwanda kingine cha GM kilichofungwa mwaka 1982 kwa sifa mbaya: utoro wa karibu asilimia 20, migomo isiyoisha, magari yenye kasoro. Mwaka 1984 kikafunguliwa tena kwa ubia wa GM na Toyota, kwa jina la NUMMI. Waliorudishwa kazini wengi walikuwa wale wale wa zamani, wapatao asilimia 85, na chama kilikuwa kile kile cha UAW, chama cha wafanyakazi wa viwanda vya magari Marekani. Mashine hazikuwa za ajabu. Viongozi wa vikundi, mamia yao, walipelekwa Japani wakae kwenye laini na wenzao wajifunze kwa mikono. Kila mfanyakazi alipewa ruhusa ya kuvuta kamba iliyo juu ya kichwa chake akiona kasoro, na laini ikasimama ikibidi. Ndani ya kama miaka miwili kiwanda hicho kiliongoza kwa tija miongoni mwa viwanda vya GM, na utoro ukashuka hadi asilimia chache.

Huku mashine mpya, kule watu wale wale waliodaiwa kuwa hawafai. Sisemi mashine ni mbaya. Nasema fedha ya mafunzo ndiyo iliyozaa, na bado kila bajeti ikibanwa ndiyo inayokatwa kwanza.

Kuna mtu mmoja ndani ya Toyota ambaye historia yake ningeomba kila meneja aijue. Mitsuru Kawai aliingia shule ya ufundi ya kampuni hiyo akiwa na miaka 15, mwaka 1963. Akafua vyuma, akapanda, na mwaka 2017 akawa makamu wa rais mtendaji, cheo ambacho watu wa karakana hawakuwa wakikifikia. Wakati wenzake duniani walikuwa wanaondoa watu kwenye laini, yeye alirudisha watu kwenye baadhi ya sehemu, wafue na kuunganisha kwa mikono. Hakuwa anapinga roboti. Hoja yake ilikuwa kwamba roboti hurudia, haiboreshi; anayeiboresha ni binadamu anayeijua kazi kwa viganja vyake. Wafanyakazi waliofua krenki, yaani shafti kuu ya injini, kwa mikono waligundua malighafi inapotea wapi, upotevu ukapungua kwa asilimia 10, na walichogundua kikapelekwa kwenye mashine.

Hapa ndipo ninapotaka mnakili. Sehemu ile ya kazi za mikono haikuwa makumbusho. Ilikuwa darasa linalozalisha. Kiwanda chochote chenye roboti 200 kinaweza kutenga sehemu moja ndogo, tuseme ya kuchomelea vipuri vya akiba, au ya kupaka gundi na kuziba maungio, ambayo wanagenzi wataifanya kwa mikono kabla ya kukabidhiwa kidhibiti cha roboti. Miezi mitatu, sita ikiwezekana. Meneja wa uzalishaji ataniambia sehemu hiyo haina faida. Sawa. Na simu ya usiku ya kumwita mtaalamu kutoka nje ya nchi, laini ikiwa imesimama, ina faida gani? Kwenye viwanda vikubwa gari hutoka kila dakika moja hivi. Fanyeni wenyewe hesabu ya saa tatu.

Wapo watakaosema hayo ni ya zamani, teknolojia ya sasa ni nyingine. Mwaka 2018 Tesla walikuwa wanahangaika kuzalisha Model 3. Walikuwa wameweka roboti hadi kwenye kazi za kuunganisha mwishoni, pale ambapo vitu hulegea na kupinda: nyaya, mipira ya milango, mazulia. Aprili mwaka huo Elon Musk alikiri hadharani kwamba otomesheni ilizidishwa, na kwamba binadamu wanadharauliwa mno. Mfumo mzima wa kubebea vipuri ulikuwa umeng'olewa. Na jengo hilo, kwa wale mnaopenda historia, ni lile lile la Fremont.

Miaka miwili kabla yake Mercedes-Benz nao, pale Sindelfingen, walirudisha watu kwenye baadhi ya kazi za roboti, kwa sababu wateja wa magari ya kifahari wanataka kila gari liwe na mapambo yake, na mtu hubadilika haraka kuliko programu. Kwa hiyo msidhani mstari kati ya mashine na mtu unasogea upande mmoja tu. Sehemu ya bodi na ya rangi zimeshakwenda kwa roboti kwa kiasi kikubwa. Kuunganisha mwishoni bado ni mikono ya watu, ingawa kamera na mikono mipya ya mashine inazidi kukaribia.

Sasa nije kwenye jambo ambalo vyama vya wafanyakazi mnalijua na mameneja hujifanya hamlioni. Hakuna mtu atakayefundisha mashine itakayomfukuza. Yule mzee wa cheche, ukimwambia aje aeleze anachokijua ili kiingizwe kwenye programu, na wakati huo huo kuna fununu za kupunguza watu, atakueleza nusu. Mimi pia ningeeleza nusu. Wahenga walisema mgeni njoo mwenyeji apone. Mwenyeji wa kiwandani anauliza kwanza ni nani hasa anayepona.

Usalama wa ajira, basi, si hisani. Ni sharti la kupata maarifa. Lakini upo usalama wa aina nyingi. Mwaka 1984 GM na UAW walikubaliana kwamba anayeondolewa na mashine aendelee kulipwa sehemu kubwa ya mshahara wake, hata kama hakuna kazi. Baadhi waliishia kukaa kwenye chumba wakicheza karata na kujaza mafumbo ya maneno mpaka muda wa kutoka. Mpango ulikufa mwaka 2009, kampuni ikielekea kufilisika. Ulilinda mshahara, ukaacha ujuzi uoze, na nadhani kwa mtu mwenye fahari ya kazi yake ile ilikuwa adhabu.

Volkswagen walifuata njia nyingine. Mwishoni mwa 1993, wakiwa na watu wapatao 30,000 wa ziada, walikubaliana na chama kufupisha wiki ya kazi hadi saa 28.8, mapato ya mwaka yakapungua, hakuna aliyefukuzwa. Na pale NUMMI, mauzo yaliposhuka mwishoni mwa miaka ya 1980, hawakupunguza watu. Waliokosa kazi kwenye laini waliwekwa kwenye mafunzo na kwenye vikundi vya kuboresha kazi. Kati ya njia hizo tatu, hii ya mwisho ndiyo ningeichagua. Kipindi cha mauzo duni ndicho pekee ambacho laini inakuachia watu wa kuwafundisha. Mauzo yakipanda, kila meneja atakuambia hana mtu wa kumtoa hata saa moja, na atakuwa anasema kweli.

Niseme kuhusu wazee, kwa sababu mjadala wa roboti hugeuka haraka kuwa mjadala wa vijana. Mwaka 2007 kiwanda cha BMW cha Dingolfing kilichukua laini moja ya kuunganisha gia za ekseli ya nyuma, kikaweka wafanyakazi ambao wastani wa umri wao ulikuwa miaka 47, sawa na umri uliotarajiwa kiwandani miaka kumi baadaye. Wafanyakazi wenyewe wakaulizwa nini kinawaumiza. Mabadiliko yapatayo 70 yakafanyika: sakafu ya mbao badala ya zege, viti vya kukalia kwa dakika chache, meza za kupandisha na kushusha, miwani ya kukuzia, maandishi makubwa kwenye skrini, kupokezana kazi ndani ya zamu. Gharama yote ilikuwa takriban euro 40,000. Tija ikapanda kwa asilimia 7 ndani ya mwaka. Nawaombeni mlinganishe euro hizo na bei ya roboti moja iliyofungwa na uzio wake.

Ukimweka mzee kazini miaka mitano zaidi bila kumvunja mgongo, umepata mwalimu wa miaka mitano. Mpe kazi hiyo rasmi. Mwandikie kwenye mkataba kwamba robo ya zamu yake ni ya kufundisha, na umlipe kwa hiyo robo. Tabia ya kumfanya mwanagenzi amfuate mzee kama kivuli huku mzee akidaiwa idadi ile ile ya vipuri ni kumwonea mmoja na kumdanganya mwingine.

Kuhusu mishahara sitazunguka. Viwanda vingi bado vinampandisha fundi kwa njia moja tu: kumfanya msimamizi. Tunapoteza fundi bora na tunapata msimamizi anayekereka na makaratasi. Wekeni njia ya pili, fundi apande hadi alipwe sawa na meneja wa zamu bila kuachia spana. Na msitumie mabadiliko ya teknolojia kama mlango wa nyuma wa kushusha malipo. Kiwanda cha betri cha Ultium Cells pale Lordstown, Ohio, ubia wa GM na LG, kilianza mwaka 2022 kwa malipo ya kuanzia ya dola 16.50 kwa saa, chini sana ya waliyokuwa wakipata wafanyakazi wa kuunganisha magari. Kabla mwaka haujaisha, wafanyakazi walikuwa wamepiga kura kujiunga na UAW, na mgomo wa 2023 ukalifanya suala la viwanda vya betri kuwa hoja kuu mezani. Lordstown si mji mgeni kwa mambo haya: mwaka 1972 vijana wa kiwanda cha GM cha pale waligoma kwenye laini iliyokuwa ikitoa karibu magari 100 kwa saa, gari moja kila sekunde 36, roboti za kuchomelea zikiwa pembeni yao.

Jambo la mwisho ni la mkataba wa manunuzi, na nimeliacha mwisho kwa sababu ndilo mnaloweza kulifanya mkirudi ofisini. Roboti inaponunuliwa, wanaokaa mezani ni mhandisi, mhasibu na muuzaji. Ofisa rasilimali watu anaarifiwa siku ya kufunga mashine. Fundi atakayelala nayo usiku haarifiwi kabisa. Lazimisheni nao wapewe kiti mezani. Ulizeni mambo haya kabla ya kutia sahihi: mafundi wangapi wataenda kwa mtengenezaji, na wataenda kabla mashine haijasafirishwa au baada? Wakati wa kufunga, watu wetu watafunga pamoja na wao au watatazama kwa mbali? Na nywila za programu, nani anabaki nazo? Ipo mikataba ambayo mnunuzi anamiliki chuma na muuzaji anamiliki funguo. Fundi wenu anaona kosa, analijua, pengine hata anajua dawa yake, lakini mfumo haumruhusu kuingia. Anapiga simu, anaambiwa asubiri mtu wa zamu ya kule ng'ambo aamke. Mafunzo yote niliyoyataja asubuhi hii hayafui dafu mbele ya kifungu kimoja cha mkataba kilichopitishwa bila kusomwa.

Nimeambiwa nina dakika ishirini za maswali. Walio nyuma waanze, na najua la kwanza ni lile la robo zamu: fedha itoke fungu la nani. Nina jibu, na mhasibu mkuu aliyekaa pale mbele hatalipenda.